Ekseli Iliyokwama na Hesi Iliyoharibika

Mwezi huu natumaini hamtachukia nikiweka kando kwa mara moja mambo ya shule na ya malezi, nikawaandikia habari za chuma. Maana huku kwetu Usambara ni shida kuona ukoo usio na kijana atafutaye riziki yake kwa pikipiki, na ni shida kumwona mwalimu asiyepanda nyuma ya kijana wa namna hiyo aendapo mkutanoni au hospitali. Basi mambo ya gurudumu si ya fundi peke yake. Ni ya baba na mama, na ya kila mtu akabidhiye roho yake kwa chombo cha magurudumu mawili.

Kwanza na nieleze kitu chenyewe, kwa ajili ya wale wasiokifahamu. Katikati ya gurudumu la nyuma hupita chuma kirefu cha duara, unene wake kama kidole, nacho huitwa ekseli. Upande mmoja kina kichwa, na upande wa pili kina hesi, yaani ile mifereji myembamba izungukayo kama ngazi ya mnara, ambayo nati hupanda juu yake. Chuma hiki hupita katika mkono mmoja wa pikipiki, kikapita katika sahani ya breki, katika beringi mbili na bomba dogo lililo kati yao, kikatokea katika mkono wa pili, ndipo nati ikifunge. Hivyo mtu akitaka kutoa gurudumu ili azibe pancha, hana budi kuitoa ekseli. Nayo ikikataa kutoka, kazi yote husimama.

Kwa nini ikatae? Kwa sababu ya kutu. Ekseli ni ya chuma cha pua, na beringi nazo ni za chuma, na kati yao pana nafasi nyembamba kuliko unywele. Maji ya mvua na ya kuoshea huingia humo pole pole, hasa yakisukumwa kwa nguvu ya mpira wa maji, nayo hayana njia ya kutoka. Chuma kikiliwa na kutu hakipungui tu kama mtu adhaniavyo. Kutu yenyewe huvimba, ikachukua nafasi maradufu ya chuma kilicholiwa, au zaidi. Basi ile nafasi nyembamba hujaa, vyuma viwili vikashikana kama vilivyotiwa gundi. Ekseli iliyopakwa grisi na kutolewa kila mara huteleza kwa mkono. Ekseli iliyosahauliwa miaka miwili hushikwa kama mzizi wa mti.

Haya niliyaona kwa macho yangu wakati wa masika, katika habari ya mtoto wa dada yangu. Kijana huyu huendesha pikipiki ya mtu mwingine, na kila jioni hana budi kumpelekea mwenyewe fedha iliyopatanwa, ambayo vijana huiita hesabu. Ikinyesha au isinyeshe, akipata abiria au asipate, hesabu ni hesabu. Siku moja gurudumu la nyuma lilipata pancha. Akalipeleka kwa kijana mmoja wa kando ya njia, naye akafungua nati, akashika nyundo ya chuma, akaipiga ncha ya ekseli mara nyingi kwa haraka. Ekseli haikusogea hata unywele. Ila ncha yake iliponda ikatanuka kama kichwa cha uyoga, na mizunguko ya mwisho ya hesi ikalala. Sasa haikuweza kwenda mbele, wala nati haikuweza kurudi.

Akaja kwangu jioni akiisukuma, miguu imejaa tope. Akasema, “Shikamoo, mjomba.” Nikamwitikia, “Marahaba, mwanangu. Mbona wasukuma?” Akanieleza yote. Kisha akasema, “Mjomba, kesho kutwa ni siku ya soko, na hesabu ya leo sijaipata. Nikikosa siku mbili, mwenye pikipiki atampa mtu mwingine.” Nikaona si jambo la mchezo. Kijana huyu ana mke na mtoto mchanga, na chakula cha nyumba ile kilikuwa kimefungwa katika chuma kile.

Tukamwendea mzee mmoja jirani yangu, fundi wa siku nyingi, aliyezoea mashine za kusaga na matrekta ya mkonge huko bondeni. Yeye akainama, akaitazama ile ncha, akaipapasa kwa kidole, asiseme neno la kumlaumu mtu. Akasema tu, “Nyundo ilitangulia akili. Sasa tuiache nyundo ilale, tuanze na tupa.” Kazi aliyoifanya jioni ile na asubuhi yake naiandika hapa kwa utaratibu, kwa kuwa kila hatua ilikuwa na maana yake, na mtu akiruka moja huharibu zinazofuata.

Kwanza aliisimamisha pikipiki juu ya stendi yake kubwa, akaweka gogo chini ya injini ili isianguke wakati wa kupigwa. Akachukua brashi ya waya, akasugua hesi yote iliyotokeza nje mpaka tope na mchanga vikaisha. Akatuambia, “Mchanga ukibaki katika mifereji, nati husaga hesi kama jiwe lisagavyo mahindi. Tena usafi huu hufanywa kabla ya kufungua nati, si baada yake.”

Pili alichukua tupa bapa, akaiondoa ile kofia ya uyoga pande zote, hata ncha ikawa nyembamba kidogo kuliko mwili wa ekseli, na kingo zake zimeinama. Mtu akisahau hatua hii, hata ekseli ikisogea, ile ncha iliyotanuka itapita katika beringi kwa nguvu na kuzivunja.

Tatu, na jambo hili lilinipendeza kuliko yote, alitafuta nati kuukuu ya namna ile ile. Akaibana katika jiliwa, akaikata kwa msumeno wa chuma katikati, ikawa vipande viwili kama ganda la karanga. Akaviweka vipande hivyo juu ya hesi nzima iliyo karibu na mkono wa pikipiki, si juu ya ile iliyolala. Akavibana pamoja kwa koleo, akazungusha pole pole kuelekea nje. Hivyo mifereji ya nati ilianza katika njia nzuri, ikaifuata mpaka katika njia mbovu, ikayanyanyua yaliyolala na kuyarudisha mahali pake. Akarudia mara nyingi, kila mara akitia tone la mafuta. Nikamwuliza, “Mzee, kwa nini usianze huku nje?” Akanijibu, “Ukianza mahali palipopotea, utaikata njia mpya ya upotevu. Anza penye njia ya kweli, ndiyo itakayokuongoza.” Mizunguko iliyosalia katika pembe ndogo akaisafisha kwa tupa ya pembe tatu.

Nne, aliifunga nati mpya juu ya ile hesi mpaka uso wa nati ukalingana na ncha ya ekseli. Akasema nati hiyo ndiyo ngao; ikiwapo, pigo halitaifikia hesi peke yake.

Tano, alitia mafuta mepesi yapenyayo katika kila tundu ambamo ekseli huingia na kutoka, upande wa kichwa na upande wa nati. Akafunika kwa kitambaa upande wa breki, maana mafuta yakifika katika viatu vya breki, pikipiki haitasimama itakapoamriwa. Kisha akanawa mikono, akatuambia, “Nendeni mkalale. Mafuta nayo yana kazi yake ya usiku.” Mpwa wangu hakupenda. Alisema tuiwashie moto, chuma kipanuke. Mzee akamjibu kwa upole kwamba moto una mahali pake. Ekseli ikishikwa na sahani ya alumini, maji ya moto husaidia, kwa sababu alumini ikipata moto hupanuka karibu mara mbili kuliko chuma. Lakini ikishikwa ndani ya beringi, ndimi za moto huyeyusha grisi na kuunguza vizibo vya mpira, na hapo juu tu pana tangi la petroli. Basi tukaenda kulala.

Asubuhi, kabla ya kushika nyundo, mzee alitia spana katika kichwa cha ekseli, akaongeza mkono wake kwa kipande cha bomba, akajaribu kuizungusha. Ilikataa. Akaongeza mafuta, akajaribu kuirudisha nyuma. Ikalia kidogo kama mlango wa zamani. Akaendelea mbele na nyuma, mbele na nyuma, kila mara ikizidi kidogo. Alisema kuzungusha huvunja kutu bila kuumiza ncha, lakini kupiga husukuma tu. Ilipokwisha kuzunguka kwa wepesi kiasi, ndipo akaweka kipande cha shaba juu ya nati, akachukua nyundo nzito, akapiga mapigo machache yenye uzito. Mapigo mengi madogo hutanua ncha tu. Pigo zito hufika mpaka ndani. Na shaba ni laini kuliko chuma cha pua, hivyo huumia yenyewe, ikaiokoa ekseli. Pigo la nne ekseli ikasogea upana wa ukucha. Akaondoa nati, akaingiza fimbo ya shaba nyembamba kuliko tundu, akaisukuma mpaka ikatoka yote, imejaa kutu nyeusi mahali pa beringi.

Mpwa wangu akafurahi sana, akataka kuziba pancha na kuondoka. Lakini hapo ndipo ilipoanza shida iliyo kubwa kuliko ile ya kwanza.

Mzee aliisugua ekseli kwa msasa laini, akaiviringisha juu ya kioo kutazama kama imepinda. Haikupinda. Beringi moja ilikwaruza alipoizungusha kwa kidole, akaitupa, tukanunua nyingine. Kisha akafunga nati mpya juu ya hesi kwa vidole. Ilipita vizuri penye ile mizunguko ya nje iliyonyooshwa. Lakini ilipofika ndani zaidi, mahali hasa ambapo nati hukaa ikiwa imekazwa, ikatikisika huku na huku kama jino la mtoto. Kumbe huko ndani hesi ilikuwa imekwisha kuchunika zamani, kabla ya ile nyundo. Mtu fulani, siku fulani, aliifunga nati isiyo yake.

Na hapa na niwaambieni jambo ambalo wengi hawalijui. Nati mbili zaweza kuwa na tundu la unene mmoja, na bado zisiwe ndugu. Ekseli nyingi za milimita 12 zina hesi ambayo kila mzunguko huenda milimita 1.25, lakini nati ya kawaida ya milimita 12 iuzwayo madukani mara nyingi huenda milimita 1.75. Ukiziunganisha, nati huingia kidogo, kisha hugoma. Na mwenye nguvu akiilazimisha kwa spana ndefu, huikata hesi akidhani ameikaza. Zamani karakana nyingi zilikata hesi zake kwa kipimo chake zenyewe. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alitoa shauri hesi zote ziwe na kipimo kimoja na pembe ya digrii 55. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers alitoa shauri lake la digrii 60, na digrii 60 ndiyo pembe ya hesi za milimita za leo. Hivyo hata mambo haya madogo yalihitaji watu wakubaliane. Mwenye kununua nati na apeleke ekseli yenyewe dukani, aijaribu kwa vidole. Ikikataa vidole, asiipe spana.

Turudi katika habari yetu. Mpwa wangu aliitazama ile nati ikitikisika, akasema, “Mjomba, inashika. Nitaizungushia waya, nifanye kazi ya soko, na wiki ijayo nitanunua nyingine.” Kisha simu yake ikalia, alikuwa mwenye pikipiki, akiuliza habari za fedha. Nilimwona kijana akitoka jasho. Mimi sikutaka kumwamuru, maana mtu mwenye mtoto wa kulisha haamriwi kama mwanafunzi. Lakini niliwaza njia ya kutoka kwetu Lushoto kushuka Mombo, yenye makona mengi na bonde refu upande mmoja. Nikawaza akina mama washukao nayo siku ya soko, mtoto mgongoni na kikapu mbele.

Mzee hakuhubiri. Aliibana ekseli katika jiliwa, akaivika kipande cha bomba mahali pa gurudumu, akafunga nati, akampa kijana spana. “Kaza,” akasema, “kama unavyokaza siku zote.” Kijana akakaza. Nati ikazunguka, ikawa ngumu, kisha ghafula ikawa nyepesi, ikazunguka bure. Alipoitoa, uzi mwembamba wa chuma ulitoka nao, unang'aa, umejikunja kama unywele. Mzee akauweka katika kiganja cha kijana, akasema, “Mizunguko ya kwanza karibu na mzigo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi. Hiyo ndiyo uliyoishika mkononi. Waya huizuia nati isidondoke. Hauwezi kuifanya ikaze.”

Kijana akanyamaza kitambo. Akauliza kama yawezekana kuchomelea chuma kipya na kukata hesi upya. Mzee akamwambia kwamba ekseli hupewa ugumu wake kiwandani kwa moto uliopimwa, na moto wa kuchomelea, usio na kipimo, huuharibu. Huenda hesi ikawa nzuri na chuma kikavunjika kando yake. Kunyoosha hesi iliyolala, ndiyo. Kuirudisha iliyochunika, hapana. Chuma hicho hununuliwa kipya.

Basi kijana akaichukua simu, akampigia mwenye pikipiki mbele yetu. Akasema, “Shikamoo, bosi. Ekseli imekwisha. Sitampakia mtu leo wala kesho. Ukitaka kumpa mwingine pikipiki, mpe pamoja na hii ekseli aitazame.” Yule bwana alinung'unika sana, tulimsikia. Lakini mwisho akauliza bei. Ilikuwa kama hesabu ya siku mbili. Wakapatana kila mtu atoe nusu, na ile hesabu ya siku zilizopotea ilipwe kidogo kidogo mpaka mwisho wa mwezi. Siku ya soko ikapita bila yeye, na nyumbani kwake walikula ugali kwa mboga za majani. Ekseli mpya ilikuja na basi siku ya tatu.

Namna ya kuirudisha nayo yafaa kujulikana. Mwili wa ekseli hupakwa grisi nyembamba, si nyingi, isije ikatambaa mpaka kwenye breki. Gurudumu huvutwa nyuma mpaka mnyororo uwe na ulegevu ulioandikwa katika kitabu cha pikipiki ile, na alama za pande mbili zilingane, ili gurudumu lisiende upande. Nati hupandishwa kwa vidole kwanza, mzunguko mmoja baada ya mwingine, ndipo spana. Penye pini ndogo ya miguu miwili, pini huwa mpya kila mara. Na tundu lisipolingana na nati, nati hukazwa mbele kidogo, hairudishwi nyuma. Yule mkono mdogo ushikao sahani ya breki usisahauliwe, maana ukiachwa wazi sahani yote yaweza kuzunguka mtu akanyagapo breki. Mwisho, baada ya safari ya kwanza, spana hutiwa tena kutazama kama kitu kimelegea.

Ndugu zangu, nimeona kwamba kazi yote hii, kama ingefanywa kwa wakati wake, ingekuwa ya kitambaa, grisi kidogo, na nusu saa. Wahenga hawakukosa waliposema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo nawasihi wenye pikipiki mlio katika nyumba zetu: mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na baada ya masika, mwambieni kijana aitoe ekseli, aifute, aipake, airudishe. Na mkihesabu fedha ya jioni, hesabuni pia fedha ya grisi, ya nati iliyo halali, na ya ekseli siku yake ikifika. Mtu adaiye hesabu kila siku bila kuacha hata siku moja ya matengenezo, amekwisha kumwamuru kijana afunge nati kwa waya, hata kama hakutamka neno hilo.

Nanyi walimu, mkipata nafasi, wapeni wanafunzi bolti mbili na nati mbili zisizo ndugu, wajaribu kwa vidole, wapime kwa rula mizunguko kumi ni milimita ngapi. Hapo watajifunza hesabu, na watajifunza kwamba vitu vifananavyo kwa macho huenda havifanani kwa kipimo. Mtoto aliyejua hivyo akiwa na miaka kumi na miwili, hatailazimisha nati akiwa na ishirini.

Nanyi mpandao nyuma, msione haya kutazama chini kabla ya kupanda. Mkiona waya umezungushwa penye nati ya gurudumu, mwulizeni kijana kwa heshima. Akisema inashika, mshukuruni, mkatembee kwa miguu.

Wasalaam.